Mzee wa Miaka 19

Kama unanisikiliza ukiwa ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road, pole. Mimi nimetoka huko huko nikija hapa studioni, na koo bado lina vumbi.

Miezi michache iliyopita nilikuwa kwenye kibanda cha mama mboga wetu, kule Donholm ninakokaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wewe wa Eastlands unaujua udongo wetu ukilowa: mweusi, unanata, unapanda na kiatu mpaka mtu mfupi anarefuka. Nikiwa nachagua nyanya, wakaja vijana wawili, mashati meupe pe, tai shingoni, beji nyeusi kifuani. Mmoja Mzungu mrefu, shingo imeiva kwa jua. Mwenzake Mwafrika, baadaye nilikuja kujua ni Mganda. Nikatazama viatu vyao nikawahurumia. Nikatazama na mashati, nikamhurumia atakayeyafua. Kumbe wanafua wenyewe.

Yule Mzungu akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mama."

Mama mboga akakiacha kisu juu ya sukuma wiki. Nairobi shikamoo ni mgeni. Tumewaachia Watanzania na watu wa Pwani, sisi hapa ni "sasa?" na "niaje?", na ukijitahidi sana, "habari ya asubuhi". Lakini mama yule ana watoto watatu wakubwa ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamkia hivyo. Akaitikia "marahaba" polepole, kama mtu aliyelipwa deni alilokwisha kulisahau. Kisha akamwuliza jina.

"Mimi ni Mzee," akasema kijana, akaongeza na jina la ukoo wake.

"Mzee? Nani, wewe?"

Tulicheka pale kibandani mpaka mtu wa boda boda aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake akaamka kuuliza kuna nini. Kijana naye alicheka, masikio yamekuwa mekundu. Ana miaka 19.

Si kosa lake. Katika kanisa lao mvulana akitumwa kueneza dini hupewa cheo ambacho vitabu vyao vya Kiswahili vimekitafsiri kuwa "Mzee". Msichana ni "Dada", na hilo halina taabu. Lakini Mzee! Kwa Mkenya wa rika langu, ukitamka Mzee bila kuongeza neno, umemtaja Jomo Kenyatta. Na hata huku chini kwetu, uzee haugawiwi na ofisi. Una mvi zake, una kiti chake ambacho mtoto hakikalii, na una kikohozi kile cha mlangoni kinachonyamazisha nyumba. Huyu mwaka jana tu alikuwa akimwuliza mama yake soksi ziko wapi.

Wengi wetu tunawaita Wamormoni. Wao tangu 2018 wanaomba tulitaje kanisa kwa jina lake kamili, baada ya rais wao wa wakati ule, Russell Nelson, kusisitiza hivyo: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mama mboga alilisikiliza jina hilo hadi mwisho, akasema, "Hilo ukilimaliza, mboga zangu zimenyauka."

Sasa ngoja niseme mapema, msikilizaji usije ukanielewa vibaya: sijahamia kwao. Kanisa langu ninalo, na hata huko sionekani kila Jumapili. Kilichonishika ni jambo jingine kabisa. Kijana huyu aliingia Donholm na sanduku lake moja siku ya uhamisho, na baada ya wiki sita alikuwa anajua watu wa geti letu kuliko mimi ninayelipa kodi pale kwa miaka kumi na moja.

Uhamisho wao uko hivi. Kijana wa kiume anatumika miaka miwili, msichana mwaka mmoja na nusu. Tangu 2012 mvulana anaweza kwenda akiwa na miaka 18. Zamani alingoja 19. Halipwi mshahara. Yeye na familia yake ndio wanaochangia gharama, ingawa ukiwaambia watu wa mtaani hivyo wanakutazama kama umewaambia kanjo anatoa risiti. Hachagui nchi, hachagui mji, hachagui mtu wa kukaa naye. Anapewa mwenza, na hawaachani: wawili wawili barabarani, wawili wawili sokoni, wawili wawili katika nyumba ya kupanga. Kila baada ya wiki sita hivi rais wa misheni anatazama orodha yake, na unaweza kuambiwa funga virago, kesho uko mji mwingine. Au unaambiwa baki, mwenzako ndiye anayeondoka. Hakuna mpenzi, hakuna sinema. Mpaka 2019 walikuwa wakizungumza na wazazi kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Februari ya mwaka huo ndipo waliporuhusiwa kupiga simu kila wiki. Sisi tuliosoma shule za bweni tunaielewa hesabu hiyo vizuri.

Na mtaa aliotumwa ni Donholm. Kwa wewe usiyeifahamu: unatoka katikati ya jiji na Jogoo Road, unapita Makadara, unapita Buruburu, na pale barabara inapokutana na Outer Ring, umefika. Umoja iko upande huu, Embakasi upande ule, na mbele yako Savannah, Greenspan, Soweto na njia ya Kayole. Nyumba zetu nyingi zilijengwa za ghorofa moja, za mwajiriwa na mkopo wake wa benki. Siku hizi kila mwenye nyumba ameongeza ghorofa juu ya ghorofa, na jua tunalisikia kwa majirani.

Hata jina la mtaa ni la mgeni. Mskoti mmoja, James Kerr Watson, alikuwa na shamba huku enzi za ukoloni, akaliita Doonholm, jina la kwao Uskoti. Jogoo Road yenyewe wazee waliijua kama Doonholm Road. Nami hufikiria jinsi watu wawili hawa walivyohamia sehemu moja. Watson alipokosa kwao, alichukua jina la kwao akalibandika juu ya ardhi ambayo ilikuwa na wenyewe kabla yake. Huyu wa beji nyeusi naye ana daftari dogo la mfukoni, na kila jioni anaandika tumempa maneno gani. Nimeliona. Ukurasa mmoja umeandikwa "madondo = maharagwe", chini yake "kupotea kwa stima", na chini kabisa, kwa herufi kubwa, "MBWA KALI".

Hilo la mbwa lilimsumbua sana. Alikuja kuniuliza siku moja, nikiwa nangoja mtu wa maji na mkokoteni wake, maana mifereji ilikuwa imekauka siku ya nne. Kitabu chake cha sarufi kinasema mnyama huchukua upatanisho wa mtu: mbwa mkali, mbwa wakali. Mbona kila geti la Donholm limeandikwa mbwa kali? Nikafungua mdomo nimsaidie, nikaona sina jibu. Nimelipita bango hilo kila siku ya Mungu na sijawahi kulisoma. Nikamwambia mbwa wa Nairobi hawajaenda shule. Akaliandika na hilo pia.

Basi kazi yake ni kugonga yale mageti. Hebu nawe jaribu kulifikiria hilo. Mtaani kwetu mtu hagongi. Mtu hupiga simu kwanza, aseme niko nje. Kati yako na jirani kuna geti la kwanza lenye mlinzi, geti la pili la nyumba, mlango wa chuma, na ndani yake mlango wa mbao. Mlinzi ndiye mwenyeji wa kwanza, na vijana hawa walilijua hilo siku ya kwanza: walianza kwa kumsalimia yeye, wakamwuliza anatoka wapi, watoto wangapi. Mlinzi wetu anatoka Kakamega na ana mapacha. Nimelijua hilo kupitia kwa yule Mzungu wa Marekani.

Wakipita kwa mlinzi wanakutana na maswali, na maswali ya Donholm hayana huruma. Mzee mmoja wa kweli, mwenye mvi, aliwakaribisha kwa furaha nyingi. "Nyinyi si ndio wale wa wake wengi?" Ikabidi wamweleze kwamba kanisa lao liliachana rasmi na ndoa hizo mwaka 1890, na kwamba leo mwenye wake wawili hawambatizi hata kama sheria ya nchi yake inamruhusu, na yetu inaruhusu, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014 na kwa mila zilizoitangulia. Mzee akasikitika. Aliniambia baadaye kwamba Wazungu wana tabia ya kuacha vitu vizuri ndipo wazilete habari zake Afrika.

Kuna na zile ndoa zetu za njoo-tukae, ambazo Eastlands zimejaa tele. Kwao wanaokaa pamoja bila ndoa ya kisheria hawabatizwi mpaka waifunge, au waachane. Sasa pata picha hiyo: kijana wa miaka 19, asiyeruhusiwa hata kuwa na mpenzi, ameketi kwenye kochi la watu akimshauri fundi wa magari na mama watoto wake, waliokaa pamoja miaka tisa, kuhusu cheti cha ndoa. Mama alikuwa upande wa kijana. Fundi alikumbuka ghafla kwamba kuna gari linamngoja.

Swali zito liliulizwa na mwalimu mstaafu wa nyumba ya mwisho. Alimwacha Mzungu, akamgeukia Mganda. Akamwuliza, mwanangu, unajua kwamba kabla ya 1978 wewe hungeweza kupewa ukuhani katika kanisa hilo kwa sababu ya ngozi yako? Kijana akasema anajua. Hilo ni kweli, msikilizaji. Mpaka Juni 1978 waumini wanaume wenye asili ya Afrika walinyimwa ukuhani, na sababu walizotoa viongozi wa miaka ya nyuma zilikuwa za aibu. Mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maandishi ya kuzikana. Mganda hakukimbilia maandishi. Alisema, kwa maelezo niliyopata baadaye kwa mlinzi aliyekuwa amesimama karibu akisikiliza yasiyomhusu, kwamba babake naye alimwuliza swali hilo hilo kabla hajaondoka nyumbani, na bado hajamaliza kumjibu. Mwalimu akawaambia waingie ndani.

Mimi nadhani mlango ulifunguliwa na jibu lile la "bado". Mtaani tumewachoka watu wenye majibu yote. Kila Jumamosi kuna mtu na kipaza sauti pale stendi anayejua siku ya mwisho ni lini. Na baada ya mwaka 2023, msitu wa Shakahola ulipofukuliwa ikatolewa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, mtu akija na Biblia na sauti tamu tunamtazama mara mbili. Kwenye kundi la WhatsApp la geti letu picha ya vijana hawa ilitumwa wiki ya kwanza tu, na maneno, "Muwe macho na hawa." Chini yake alama za mikono iliyokunjwa, na mmoja akauliza kama si wale wa kuabudu shetani.

Hofu hiyo ina historia, haikuota jana. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ilipotolewa hadharani 1999, Wamormoni walikuwemo miongoni mwa makundi yaliyotajwa kuwa mlango wa kupitia shetani, pamoja na Mashahidi wa Yehova. Wakati huo kanisa lao lilikuwa limesajiliwa hapa Kenya kwa miaka minane, tangu Februari 1991. Na miongoni mwa Wakenya waliokuwa mstari wa mbele kulijenga alikuwa mhandisi mmoja mzaliwa wa Bungoma, Joseph Sitati, mtu mpole wa kuongea, ambaye 2001 akawa rais wa kwanza wa kigingi cha Nairobi, yaani jimbo lao dogo, na 2009 akaingia katika uongozi mkuu wa kanisa duniani. Waumini waliotaka kufunga ndoa ya hekaluni walikuwa wakifunga safari mpaka Johannesburg. Mei 2025 hekalu lao la Nairobi likawekwa wakfu kule Mountain View, karibu na Waiyaki Way. Sasa ni nauli ya matatu mbili, ukibahatika usipatwe na mvua.

Lakini nilitaka kukuambia habari ya chai.

Neno la Hekima, mafundisho yao ya mwaka 1833, linawakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Pombe, sawa. Sigara, sawa. Chai? Umekuja Kenya, nchi inayouzia dunia majani ya chai, umeingia nyumba ya watu, mama ameshabandika sufuria, maziwa yanaumuka, na wewe unasema hunywi! Kwetu kukataa chai ni kukataa kikao. Ni kusema sitakaa. Nyumba ya kwanza walikokataa, mama mwenye nyumba alinuna. Ya pili wakaambiwa labda hawaiamini sufuria. Mganda alijaribu kueleza, maelezo yakazidi kuharibu.

Aliyewaokoa ni mama mboga. Alifikiri siku nzima, maana kwake ile shikamoo ilikuwa bado haijalipwa vya kutosha. Kisha akawauliza: mnakatazwa maji ya moto? La. Mnakatazwa tangawizi? La. Ndimu? La. Asali? La. "Sasa si mnywe dawa!" Akachemsha tangawizi yake iliyopondwa, akakamua ndimu, akaweka asali, bila jani hata moja la chai. Wakanywa wamesimama pale pale kibandani, machozi yakawatoka kwa ukali. Tangu siku hiyo wakiingia nyumba ya watu walisema kabla sufuria haijabandikwa: sisi hatunywi chai, ila dawa ya tangawizi tunakunywa. Na nyumba gani ya Nairobi ikakosa tangawizi? Nimesikia sasa kuna nyumba zinaiita "chai ya wazee".

Najua utakaloniambia. Utaniambia urafiki wao una ajenda. Anayekuuliza habari za mapacha anataka mwisho wa siku akubatize. Nimeliwaza hilo sana, na sijalimaliza. Ni kweli wana ajenda, imeandikwa kifuani. Lakini mama mboga naye ananiita jina langu kwa sababu nanunua, nami najua la kwake kwa sababu hunikopesha tarehe 25 mshahara ukiwa umekata roho. Mlinzi namjua kwa kuwa hufungua geti. Hakuna mtu Donholm ninayemjua bure. Na wale nisio na shughuli nao, nimekaa nao ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja, nawajua kwa harufu ya vitunguu na wimbo wa kengele ya simu.

Na si kwamba sisi ni wenyeji na hawa ni wapita njia. Nani mwenyeji wa Donholm? Ikifika mwisho wa mwezi, saa mbili usiku, utaona pikapu nyuma ya geti: godoro, kochi, mtungi wa gesi, kabati la vyombo lililofungwa kwa kamba. Huhamishwa usiku ili jirani asione kitanda. Kesho yake kuna pazia jipya dirishani, na hakuna anayeuliza aliyekuwepo ameenda wapi. Na sisi tunahama. Tofauti ni kwamba yeye akifika anatumwa agonge.

Wiki iliyopita uhamisho ulimkuta. Alikuja kuaga, na daftari lake. Alikuwa ameshapita kwa watu wote, kibandani amepewa parachichi mbili za njiani, na mlinzi amemsindikiza mpaka Outer Ring na beji ya kijana akiwa ameivaa yeye, kwa mzaha. Mganda amebaki, anangoja mwenza mpya. Kabla hajaondoka kijana aliniambia, kwa Kiswahili ambacho sasa kina Sheng ndani yake kama mchanga ndani ya mchele, kwamba yule mwalimu wa nyumba ya mwisho anaumwa mguu tangu Jumatatu, hawezi kufika dukani. Nikamwuliza, mwalimu yupi? Akanitazama. Akasema, huyo wa geti lako. Alifundisha hesabu. Na yule mbwa wake alishakufa, bango tu ndilo limebaki.

Jumamosi nilinunua maziwa na mkate, nikaenda. Ni hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu, nimezihesabu. Nikasimama mbele ya MBWA KALI, nikagonga chuma kwa funguo. Kimya. Nikagonga tena. Nikasikia fimbo ikija polepole juu ya sakafu, kisha sauti nyuma ya mlango.

"Nani?"

"Jirani," nikasema.

"Jirani gani?"